Kuchagua masomo ya haiskuli Marekani huku unawaza chuo: mwongozo kamili kwa mzazi na mtoto, kuanzia gredi ya 8 mpaka ya 12

Nianze na karatasi. Kijana wangu mkubwa alikuwa anamaliza gredi ya 10, hapa Texas, akarudi nyumbani na fomu ya kusaini, mama hii ni ya shule tu, wanataka sahihi yako nipunguziwe masomo nipate muda wa kufanya kazi mchana. Mimi nimetoka shifti ya usiku, macho yanawasha, nikasaini pale pale jikoni hata koti sijavua. Miaka miwili baadae ndo najua nilisaini nini.

Texas ina sheria ya tangu 1997, mtoto akiwa ndani ya asilimia 10 ya juu ya darasa lake anaingia chuo kikuu cha umma cha jimbo moja kwa moja, bila kubembeleza mtu (University of Texas ya Austin, UT Austin, wao wamewekewa asilimia ndogo zaidi manake wanajaa). Kijana wangu alikuwa ndani ya hio asilimia. Ila sheria inataka pia awe amemaliza kitu kinaitwa Distinguished Level of Achievement, yaani hesabu miaka 4 ikiwemo Aljebra 2, sayansi miaka 4, na indosimenti, ambayo ni kama mkondo anaouchagua. Ile karatasi ilikuwa ni ruhusa ya mzazi kumtoa kwenye indosimenti. Niliisaini kwa mkono wangu. Shule hawakunidanganya, waliniandikia kila kitu kwa Kiingereza cha ofisini, kurasa mbili, na hakuna aliyenipigia simu kuniuliza mama unajua unachosaini?

Kijana alipata chuo kingine, anaendelea vizuri, sina kilio. Ila wadogo zake wawili nimewasimamia tofauti kabisa, na watu kanisani wamekuwa wananiuliza dada ulifanyaje, nimechoka kurudia kwenye simu, naandika mara moja.

Kwanza elewa hili, diploma sio tiketi ya chuo

Sisi tuliosoma nyumbani tumezoea kwamba serikali au shule inapanga masomo, unafanya mtihani wa taifa, matokeo yanatoka, unajua unaenda wapi. Huku hakuna mtihani mmoja wa kukuamua. Wanaangalia transkripti, yaani orodha ya kila somo ulilosoma tangu gredi ya 9 na alama yake. Maafisa wa udahili wenyewe wakiulizwa kitu gani kinabeba uzito mkubwa, wanataja alama kwenye masomo ya kujiandaa na chuo, na ugumu wa masomo uliyochagua, kabla ya insha na kabla ya shughuli za nje. Kwa hio kuchagua somo tayari ni sehemu ya maombi ya chuo, hata kama mtoto ana miaka 14 na anawaza mpira tu.

Na shule ina kazi yake: kumfikisha mtoto kwenye diploma. Mahitaji ya diploma ya jimbo mara nyingi ni madogo kuliko mahitaji ya chuo kikuu cha jimbo hilo hilo. Mfano California, mtoto anaweza kupata diploma ya jimbo na miaka 2 ya hesabu, lakini mfumo wa University of California (UC) unataka 3 na unashauri 4. Mtoto anavaa joho, mnapiga picha, mnakula pilau, alafu mwezi huo huo mnagundua kuna vyuo ambavyo hakuwa na haki hata ya kuomba. Nimeliona hilo kwa familia tatu ninazozifahamu.

Kwa hio ukikaa na kaunsela (mshauri wa shule anayesimamia masomo ya mtoto) usiulize "mwanangu yuko sawa?" Atakwambia yuko sawa, na kwa upande wa diploma ni kweli. Uliza hivi: "mwanangu akiendelea na ratiba hii, ataweza kuomba chuo kikuu cha jimbo, na kozi ya uinjinia au uuguzi au chochote anachotaka?" Swali linabadilika na jibu linabadilika.

Hatua ya 1: anzia mwisho urudi nyuma

Chagueni vyuo vinne tu vya mfano. Kimoja chuo kikuu kikuu cha jimbo lenu, kimoja cha umma ambacho ni rahisi kidogo kuingia, kimoja cha ndoto, na koleji ya jamii (community college, chuo cha miaka miwili) iliyo karibu. Sio kwamba ndo ataenda huko, ni vya kupimia. Ingia tovuti ya kila chuo, tafuta ukurasa wa udahili wa wanaotoka haiskuli, uone wanadai miaka mingapi ya kila somo. Andika kwenye karatasi moja.

Utakuta zinafanana. Karibu kote ni Kiingereza miaka 4, hesabu 3 au 4, sayansi za maabara 2 mpaka 4, historia na masomo ya jamii 2 au 3, lugha ya kigeni 2 au zaidi. Georgia, vyuo vya umma vinataka krediti 17 (krediti moja ni somo moja la mwaka mzima): Kiingereza 4, hesabu 4, sayansi 4, masomo ya jamii 3, lugha 2. California wana orodha wanaiita A-G, kozi 15 za mwaka mzima mzima, ndani yake kuna mwaka mmoja wa sanaa (muziki, uchoraji, maigizo) ambao watu wengi wanausahau, na 11 kati ya hizo 15 lazima ziwe zimekwisha kabla ya gredi ya 12 kuanza. Na alama lazima iwe C au zaidi. D inakupa diploma lakini kwa UC ni kama hujasoma.

Tofautisha maneno mawili kwenye hizo tovuti, "inatakiwa" na "inashauriwa". Chuo kinachochuja sana kikisema kinashauri miaka 4 ya hesabu, chukulia ni lazima, manake wenzako wote wanaoomba wanayo. Harvard wanashauri miaka 4 ya lugha moja ya kigeni. MIT wanashauri mtoto awe amefika kalkulasi (hesabu za ngazi ya juu) na amesoma fizikia, kemia na baiolojia. Hakuna polisi wa kukuzuia kuomba bila hivyo, ila jiulize utasimama wapi kwenye foleni.

Hatua ya 2: hesabu, hapa ndo pa kukaa muda mrefu

Masomo mengine unaweza kuyapanga upya ukichelewa. Hesabu ni ngazi, huruki kidato. Kwa kawaida inaenda Aljebra 1, Jiometri, Aljebra 2, Pre-kalkulasi, Kalkulasi. Vidato vitano, na haiskuli ina miaka minne. Piga hesabu mwenyewe: mtoto anayeanza Aljebra 1 gredi ya 9 anamalizia Pre-kalkulasi gredi ya 12. Anayetaka kufika kalkulasi inabidi awe ameanza Aljebra 1 gredi ya 8, na ili aanze gredi ya 8 mara nyingi kuna mtihani au uamuzi unafanyika gredi ya 6 au 7. Mtoto ana miaka 11! Mzazi hajui hata kama kuna jambo linaamuliwa.

Usikate tamaa kama umechelewa. Njia za kuruka zipo:

- Kuchukua Jiometri na Aljebra 2 kwa pamoja gredi ya 10. Inawezekana shule nyingi, inachosha, lakini mtoto anayependa hesabu anaweza.
- Kusoma kidato kimoja cha hio ngazi likizo ya kiangazi. Angalizo: hakikisha ni kozi yenye krediti na shule imekubali KWA MAANDISHI kabla hujalipa, kuna kozi za mtandaoni zinauzwa ambazo shule haizitambui.
- Kusoma Pre-kalkulasi kwenye koleji ya jamii, ambapo kozi ya mwaka mara nyingi inakwisha kwa semesta moja.

Je ni lazima kalkulasi? Hapana bana. Anayetaka uinjinia, fizikia, sayansi ya kompyuta au uchumi kwenye chuo kigumu, nitasema ndio, pigana uifikie. Anayetaka saikolojia, sosholojia, uandishi, hata afya ya jamii, Takwimu inaweza kumfaa zaidi na ataitumia kweli. Ila ukichagua Takwimu iwe ni baada ya kufika Aljebra 2 na ikiwezekana Pre-kalkulasi, isiwe ndo njia ya kuikimbia Aljebra 2. Wanaosoma maombi wanajua tofauti.

Kingine, usimwache mtoto apumzike hesabu gredi ya 12 kwa sababu "krediti zimetosha". Mwaka mmoja bila hesabu, alafu chuo kinampa mtihani wa kumpangia darasa, anaangukia hesabu za chini.

Hatua ya 3: lugha, sisi tuna mtaji hapa tunautupa

Masomo ya jamii na Kiingereza ntayapita haraka, shule itampangia tu, chukua kila mwaka, basi. Sayansi: baiolojia, kemia, fizikia, zote tatu ukiweza, kabla ya kuanza sayansi za ajabu ajabu. Anayetaka uuguzi au udaktari asiikwepe kemia, chuoni itamkuta tu.

Lugha ndo nataka tukae. Vyuo vingi vinataka miaka 2 au 3 ya lugha MOJA, sio mwaka wa Kispanyola alafu mwaka wa Kifaransa. Sasa watoto wetu wengine wanaingia Kispanyola cha kuanzia wakati kichwani wana Kiswahili, Kifaransa, Kinyarwanda, Kirundi, Kilingala. Angalia haya:

Kama mtoto alisoma Congo au Burundi kwa Kifaransa, usimpeleke Kifaransa cha kwanza akae anaimba bonjour. Omba apimwe, aingizwe ngazi ya juu, alenge AP ya Kifaransa (AP, Advanced Placement, ni kozi ya haiskuli ya kiwango cha chuo yenye mtihani wake). Mtihani wa AP anaweza hata kuufanya bila kusoma darasa lake, shule ikikubali kumwagizia. Alama ya 4 au 5 pale ni krediti za chuo kwa lugha aliyokuja nayo. Kiswahili hakina AP, nasikitika, nimetafuta.

Lakini Kiswahili kina njia zingine. Kuna kitu kinaitwa Seal of Biliteracy, muhuri unaowekwa kwenye diploma au transkripti kuonesha mtoto anamudu Kiingereza na lugha nyingine kusoma, kuandika na kuongea. Ulianzia California na sasa uko majimbo mengi, na Kiswahili kina mitihani ya kukipima. Baadhi ya wilaya zinampa mtoto krediti za lugha kwa kufaulu mtihani, kwa hio anatoa lugha njiani na anabaki na nafasi mbili kwenye ratiba za somo lingine. Na UC wanakubali mahitaji ya lugha yatimizwe kwa mtoto aliyesomeshwa shuleni kwa lugha nyingine kabla ya kuja, kwa hio aliyesoma shule ya msingi ya Kiswahili Tanzania asitupe ripoti zake za shule. Tahadhari tu, Kiswahili cha kuongea na bibi kwenye simu sio cha mtihani, kuandika kunawaangusha watoto waliozaliwa huku. Waanze kuandika mapema, hata meseji za WhatsApp za familia waandike kwa maneno kamili.

Hatua ya 4: kama mtoto amefika juzi juzi

Hapa kuna makosa mengi kuliko sehemu yoyote.

Mtoto anafika na miaka 15, hana karatasi au karatasi ziko kambini au ziko kwa shangazi, shule inamwanzisha gredi ya 9, inampa darasa la Kiingereza kwa wageni mara mbili kwa siku, hesabu za chini, michezo, na sanaa. Wanasema azoee kwanza. Sawa azoee, lakini hesabu haihitaji azoee! Mtoto aliyefanya aljebra kidato cha pili anajua x ni nini kwa lugha yoyote. Omba apimwe hesabu peke yake, tofauti na Kiingereza. Ukisema tu "naomba mtihani wa kumpangia darasa la hesabu" umeshafanya nusu ya kazi.

Karatasi za nyumbani: ripoti za kila muhula, matokeo ya mitihani ya taifa, hata daftari la mahudhurio, leta. Zikiwa kwa lugha nyingine zitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika na shule. Wilaya inaweza kuhamisha masomo ya nyumbani kuwa krediti za haiskuli, na mtoto akipewa krediti sita saba mwanzoni ratiba yote inafunguka.

Alafu chunga madarasa ya Kiingereza kwa wageni yanahesabiwaje. UC kwa mfano wanahesabu mwaka mmoja tu wa aina hio ndani ya miaka 4 ya Kiingereza. Kwa hio mtoto akikaa humo miaka mitatu anakuwa na deni. Muulize mwalimu: anatoka lini, na anapimwa nini ili atoke?

Na omba mkalimani wa Kiswahili kwenye kikao. Usimtumie mtoto kutafsiri kikao kinachomhusu yeye mwenyewe, jamani, atatafsiri anachotaka. Mimi niliambiwa "kaunsela anasema niko vizuri" mwaka mzima.

Hatua ya 5: ugumu kiasi gani? AP, Honors, IB, na masomo ya koleji

Vyuo havimlinganishi mtoto wako na mtoto wa shule ya matajiri ng'ambo ya mji. Wanapokea pamoja na transkripti maelezo ya shule yenyewe, ina kozi gani, AP ngapi. Shule ikiwa na AP tatu tu hakuna atakayekuuliza mbona hujachukua kumi. Lakini shule ikiwa na ishirini na wewe umechukua sifuri, hapo wanaona. Tena kwenye Common App (mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa mara moja) kuna fomu ambayo kaunsela anaweka tiki kusema masomo ya huyu mtoto yalikuwa magumu kiasi gani ukilinganisha na wenzake shuleni. Kaunsela mwenye watoto mia nne hakujui, kwa hio ratiba yako ndo inaongea.

Swali la kila mtu: bora A kwenye somo la kawaida au B kwenye AP? Jibu la kuchekesha la maafisa wa udahili ni A kwenye AP. Jibu langu: B kwenye AP ya somo unalolipenda ni sawa kabisa, C kadhaa kwenye AP tano ulizochukua kwa sababu rafiki zako wamechukua ni balaa. Shule nyingi zinaongeza uzito, A ya kawaida ni 4.0 na A ya AP inaweza kuhesabiwa 5.0, lakini vyuo vingi vinapiga upya GPA (wastani wa alama) kwa njia yao, kwa hio usiishi kwa kuwinda namba ya shule.

AP mtihani unafanyika mwezi wa 5, alama 1 mpaka 5, vyuo vingi vya umma vinatoa krediti kuanzia 3, vyuo vigumu vinataka 4 au 5 na vingine vinabania. Sio bure, mtihani mmoja ulikuwa dola 99 mwaka 2025, kuna punguzo kwa familia za kipato kidogo na majimbo mengine yanaongezea hapo, lakini usipouliza hakuna anayekuletea. Kuagiza mitihani mwisho ni katikati ya mwezi wa 11, sio masika.

IB (International Baccalaureate) ni mpango wa miaka miwili, gredi ya 11 na 12, masomo sita, angalau matatu ya ngazi ya juu, insha ndefu ya utafiti na shughuli za kujitolea. Mzuri sana kwa mtoto anayependa kuandika. Kwa mtoto anayefanya kazi jioni kusaidia kodi, kusema kweli ni mzigo, msiuchukue kwa sifa.

Kusoma koleji ukiwa haiskuli, hii naipenda kwa familia zetu. Minnesota wana mpango unaitwa PSEO tangu 1985, Washington wana Running Start, Ohio wana College Credit Plus, Florida wana ya kwao, na huko kote mtoto halipi karo. Anaweza kumaliza haiskuli na mwaka mzima wa chuo mfukoni. Mambo mawili uyajue. Moja, ile alama ni ya CHUO, inabaki kwenye transkripti ya chuo maisha yote, ukifeli kemia ya koleji na miaka 16 itakufuata mpaka ukiomba udaktari. Mbili, vyuo vya umma vya jimbo lako kwa kawaida vinazipokea hizo krediti, vyuo binafsi vingi vinachagua chagua. Kama lengo ni kuokoa hela na kusoma jimboni, songa nayo.

Kwa kipimo cha kawaida, mimi nawaambia watu hivi: gredi ya 9 Honors (darasa gumu kuliko la kawaida la somo hilo hilo) kwenye masomo mawili unayoyaweza, gredi ya 10 AP moja kama ipo, gredi ya 11 mbili au tatu, ya 12 hivyo hivyo. Mtoto anayelala saa saba usiku kila siku amezidiwa, toa moja. Ni maoni yangu, sio sheria.

Hatua ya 6: nafasi zilizobaki

Ratiba ikishajaa masomo makuu matano, inabaki nafasi moja au mbili. Watoto wanajazia na kitu chepesi. Sio dhambi, mtoto anahitaji pumzi. Ila ni bora miaka mitatu ya bendi au ya roboti au ya ushonaji kuliko vipande vinane vya vitu vinane.

Kozi za ufundi na kazi usizidharau. Shule nyingi zina ya afya ambapo mtoto anatoka na cheti cha CNA (msaidizi wa muuguzi), na nusu yetu humu tunajua hio kazi vizuri. Kijana anayetaka uuguzi akiwa na cheti, na kemia, na baiolojia, huyo maombi yake yanasimama. Shida inakuja kozi ya ufundi inapokula saa tatu za siku na kumng'oa mtoto kwenye fizikia au lugha. Uliza kabla: ikiingia hii, inatoka ipi? Georgia pia, skolashipu ya HOPE inadai krediti 4 kutoka orodha ya masomo magumu, kwa hio mtoto mwenye alama nzuri za masomo mepesi anaikosa.

Na wakimbiaji wetu! Mtoto akionesha kipaji, makocha wanakuja. NCAA, chama cha michezo ya vyuo, kwa daraja lake la juu la Division I inataka kozi 16 walizoziidhinisha, 10 kati ya hizo zimekwisha kabla ya gredi ya 12 kuanza, 7 za hizo ziwe Kiingereza, hesabu au sayansi, na GPA ya 2.3 kwenye hizo hizo. Sio kila kozi ya shule imo kwenye orodha yao, na madarasa ya lugha kwa wageni na kozi za kufidia za mtandaoni ndo zinaangusha watu. Orodha ya kila shule iko wazi kwenye tovuti ya NCAA, iangalie gredi ya 9.

Hatua ya 7: kalenda, manake yote haya yana tarehe

Masomo ya mwaka ujao hayachaguliwi mwezi wa 8. Shule nyingi zinachagua kati ya mwezi wa 1 na wa 3. Wewe unapowaza baridi, wao wanafunga ratiba.

Mwezi wa 12 au wa 1 chukua kitabu cha kozi cha shule, kiko kwenye tovuti yao. Kila kozi imeandikwa inahitaji nini kabla, fuata hio mishale. Jaza karatasi ya miaka minne kwa penseli, gredi ya 12 kwanza, shuka chini. Mwezi wa 2 omba kikao na kaunsela kwa barua pepe, sio kwa kumtuma mtoto, na barua pepe ibaki kama ushahidi. Mwalimu akikataa kumpendekeza mtoto kwa Honors au AP, uliza kama kuna fomu ya mzazi ya kuomba aingie hata hivyo, shule nyingi zinayo na hawaitangazi. Ukiisaini ujue mtoto akichemka huwezi kulaumu mtu.

Mwezi wa 5 omba transkripti isiyo rasmi, soma mstari kwa mstari. Mimi nimekuta krediti ya mwaka mzima imeandikwa nusu, ikarekebishwa kwa siku mbili. Ningegundua gredi ya 12 sijui ingekuwaje.

Mwezi wa 8 ratiba ikitoka, ilinganishe na mliyoomba siku hio hio. Kompyuta inapanga, darasa limejaa, mtoto wa kemia anajikuta kwenye somo la kusaidia ofisini. Dirisha la kubadilisha ni wiki moja mbili tu, na mtoto atakwambia "poa tu mama, rafiki yangu yumo humo".

Gredi ya 12

Common App inafunguka tarehe 1 mwezi wa 8 na inakudai uorodheshe masomo unayosoma mwaka huo, kwa hio chuo kinaona kama umelegea. Nusu mwaka shule inatuma alama, mwisho wa mwaka inatuma tena. Chuo kinaweza kufuta nafasi kilichokupa kama umeporomoka, na ukibadilisha somo baada ya kuomba unatakiwa uwaambie. Binti yangu alitaka kuacha fizikia mwezi wa 1, baada ya kupata jibu la chuo. Tukawaandikia kwanza kuuliza, wakajibu kwa heshima kabisa kwamba wangependa aendelee. Akaendelea, akanuna mpaka mwezi wa 3, akapata B.

Mdogo wao wa mwisho yuko gredi ya 10 sasa. Wiki iliyopita amekuja na fomu. Nimemwambia weka mezani, nilale kwanza, ntaisoma asubuhi.